Mtaa Upimwe na Miguu ya Wakazi Wake

Mjini Lilongwe, Malawi, kati ya soko kuu na soko la Tsoka, watu wanavuka mto kwa madaraja ya mbao yaliyojengwa na watu binafsi, nao humtoza ada ndogo kila anayepita. Mvua kubwa zikija, mto huyasomba. Maji yakipungua, mbao zinarudishwa. Mpangaji wa mji anayetaka kujua kivuko kinahitajika wapi hana haja ya kutafuta mbali: wachuuzi wenye mizigo kichwani wamekwisha kumjibu, na wanalipia jibu hilo kila siku.

Lilongwe ilichorwa kwa kufikiria zaidi mwenye gari kuliko mwenye miguu. Makao makuu ya serikali yalihamishiwa hapo kutoka Zomba mwaka 1975, na mji ukagawanywa katika maeneo yenye namba, yakitenganishwa na nafasi pana za miti na nyasi. Kwenye karatasi unapendeza. Lakini anayetoka mitaa ya Chinsapo au Mtandire alfajiri kwenda kibaruani anaujua kwa namna nyingine: vumbi, kona isiyo na taa, mahali ambapo mtaro umevunjika na mtoto akiteleza ataangukia barabarani. Ujuzi huo ni mali. Tatizo ni kwamba mara nyingi hubaki kuwa malalamiko, na malalamiko ni rahisi kuyapuuza.

Ndiyo maana nataka kuzungumzia ukaguzi wa mtaa kwa miguu, hasa kwa wakazi wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyo kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe, wilayani Dowa. Palikuwa gereza kabla ya kuwa kambi mwaka 1994. Palitengwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000, na leo wanaishi zaidi ya 50,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Waethiopia, Wasomali, huku Kiswahili kikiwaunganisha wengi wao sokoni na mtaani. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini. Mabomba yaleyale na vyoo vilevile vikabebeshwa watu zaidi.

Ukaguzi wenyewe si jambo gumu. Kikundi cha majirani kinachagua njia, kinaipita pole pole, kinasimama kila penye shida, kinaandika. Thamani yake inategemea kama kimeandika hisia au kipimo. “Bomba liko mbali” ni hisia. Afisa ataitikia kwa kichwa na kuisahau.

Kipimo mnacho miguuni. Pimeni mita 50 kwa kamba, mmoja wenu azitembee kwa mwendo wake wa kawaida akihesabu hatua. Akipata 70, basi hatua 700 zake ni mita 500. Namba hiyo ina uzito, kwa sababu mwongozo wa Sphere, unaotumiwa na mashirika ya misaada duniani kote, unasema nyumba isiwe zaidi ya mita 500 kutoka mahali pa kuchotea maji, foleni isizidi dakika 30, na choo kisitumiwe na zaidi ya watu 20. Mkazi anayesema “kutoka kwetu ni hatua 1,100, na foleni jana asubuhi ilichukua saa moja na nusu” anaonyesha ni wapi ahadi iliyoandikwa haijatimizwa.

Maji yanastahili muda zaidi, maana hapo ndipo dumu moja linaweza kufichua mengi. Mwongozo huohuo unaruhusu watu 500 kwa pampu moja ya mkono, lakini kwa sharti kwamba pampu inatoa lita 17 hivi kwa dakika. Kwa kasi hiyo dumu la lita 20 hujaa kwa sekunde 70. Sasa tupige hesabu. Watu 500 wakipewa lita 15 kila mmoja kwa siku, hizo ni lita 7,500, na pampu nzima itazitoa kwa saa saba na nusu hivi. Ikiwa imechoka na dumu linajaa kwa sekunde 140, kazi ileile inahitaji karibu saa 15. Saa hizo zitatoka wapi? Zinatoka usiku. Mama anaamka kabla ya mapambazuko kuwahi foleni, binti anachelewa shule, na njia ya kisimani inapitwa gizani. Jambo linaloitwa suala la usalama wa wanawake huenda limeanzia kwenye kipande cha mpira kilicholika ndani ya pampu.

Tena mara nyingi kipande hicho kinabadilishika. Pampu ya Afridev, inayotumika sana vijijini Afrika, ilianza kubuniwa hapahapa Malawi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha ikaboreshwa Kenya. Nia ilikuwa wanakijiji waweze kuifungua wenyewe kwa spana moja na kubadili vilivyochakaa. Kwa hiyo mkaguzi apime sekunde za dumu, kisha ahesabu mara ngapi mpini unasukumwa asubuhi kabla maji hayajatoka. Zikiwa nyingi, huenda valvu ya chini au bomba la ndani linavuja.

Nani atembee? Wale wanaotembea zaidi: akina mama, watoto wa shule, mzee mwenye mkongojo, mtu wa kiti cha magurudumu. Viongozi wa zoni waalikwe, ila wasitangulie mbele. Dar es Salaam, chini ya mpango wa Miji Salama ulioungwa mkono na UN-Habitat, wanawake wa Manzese waliupitia mtaa wao na kuonyesha wenyewe mahali wanapoogopa. Utaratibu huo ulianzia Toronto, Kanada, mwishoni mwa miaka ya 1980. Saa nazo zina maana. Njia iliyo salama saa sita mchana si njia ileile saa moja jioni, na njia ya Agosti si njia ya Januari, wakati mashimo yaliyochimbwa kwa ajili ya matofali yamejaa maji ya mvua, mbu wamezaliana humo na watoto wanacheza ukingoni.

Msidhani haya ni mambo madogo. Shirika la Amend lilianza Dar es Salaam kukagua njia za watoto kuzunguka shule, kisha kuweka matuta, vivuko na njia za miguu. Utafiti ulionyesha majeraha ya barabarani kwa watoto yalipungua kwa angalau asilimia 26, na mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI.

Kwa kambi ya wakimbizi kuna tahadhari moja isiyo na mjadala: andikeni bomba, msiandike mtu. Karatasi inayoonyesha nani anaishi wapi, anauza nini, ametoka kabila gani, inaweza kuangukia mikono mibaya. Picha zipigwe za mtaro, si za uso.

Mkishamaliza, gaweni orodha yenu sehemu mbili. Kufukia shimo, kuzibua mtaro, kukubaliana zamu ya usafi wa choo: hayo yafanyeni wiki hiyohiyo, maana watu wakitembea bila kuona badiliko lolote hawatarudi mara ya pili. Kuchimba kisima kipya, kuweka taa, kuongeza vyoo: hayo ni ya idara ya wakimbizi, UNHCR na washirika wao, yapelekwe kwa maandishi yenye tarehe, na nakala ibaki kwenu. Sikubaliani kabisa na wanaosifu jasho la wakazi ili ofisi ipumzike. Wachuuzi wa Tsoka wamejitengenezea njia ya kuvuka, na bado wanastahili daraja lisiloondoka na mafuriko.

Waalikeni pia majirani Wamalawi wa vijiji vinavyoizunguka kambi. Kituo cha afya cha Dzaleka kinawahudumia wao pia, na soko ni lao pia. Ombi lililotiwa sahihi na pande zote mbili ni gumu zaidi kukataliwa.

Anzeni na pampu mnayoitumia leo. Chukueni dumu la lita 20 na simu yenye saa, andikeni sekunde, tarehe na saa, kisha rudieni baada ya mwezi.