Jina Lililobaki Daftarini

Kwa miaka mingi maduka ya M-Pesa mjini Malindi, kuanzia sokoni hadi Barani na Maweni, yalikuwa na daftari kubwa la mistari na kalamu iliyofungwa uzi ili isitoroke. Kalamu ililindwa, daftari halikulindwa. Mteja akija kutoa pesa, wakala aliandika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na kiasi, kisha akalisukuma daftari mbele litiwe sahihi. Aliyeinama kutia sahihi aliona pia safu nzima ya waliomtangulia tangu asubuhi. Adhana ya adhuhuri ikisikika, droo ya pesa ilifungwa kwa ufunguo na daftari likaachwa juu ya kaunta.

Juni 2021 Wakenya walionja matunda ya uzembe wa aina hiyo. Walioingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kukagua rekodi za vyama vya siasa walijikuta wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Malalamiko yakamiminika katika Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, iliyokuwa bado changa. Nani alitoa majina na nambari zile? Vidole vingi vilielekezwa kwenye madaftari ya mawakala, na yale ya walinzi langoni, ambako mgeni huandika kitambulisho chake ndipo aruhusiwe kupanda ghorofani. Kunakili majina kutoka daftarini hakuhitaji kuvunja kompyuta yoyote.

Wizi wa laini za simu nao huweza kuanzia kwenye madaftari hayo hayo. Ndani ya kadi ya simu mna chipu ndogo kuliko punje ya mchele, iliyobeba nambari yake ya utambulisho na ufunguo wa siri. Simu ikiwashwa, mtandao huitupia chipu fumbo la tarakimu. Chipu hulifumbua kwa ule ufunguo na kurudisha jibu, bila ufunguo wenyewe kusafiri hewani. Kuipasua siri hiyo ni kazi ngumu mno. Lakini nambari ya simu, ile ya 07 ambayo watu wameikariri, haitegemei kadi. Hukaa kwenye kanzidata ya kampuni, ikiwa imeunganishwa na kadi fulani, na mhudumu anaweza kuihamishia kadi nyingine kwa dakika chache. Ndivyo anavyosaidiwa aliyepoteza simu. Ndivyo pia anavyosaidiwa tapeli anayejua jina kamili na nambari ya kitambulisho cha mwenzake.

Tuseme mwathiriwa ni mvuvi wa Mayungu, karibu na Malindi, aliyelipwa samaki wake jioni. Ghafla simu yake haina mtandao. Haoni ajabu, mtandao pwani huja na kuondoka, basi anaiweka kando na kusubiri urudi. Hautarudi. Ule muda wa subira ndio mtaji wa mwizi, ambaye huenda yuko mamia ya kilomita bara. Mulot, mji mdogo mpakani mwa Bomet na Narok, umetajwa na polisi mara nyingi katika kesi za namna hii. PIN ya M-Pesa bado ni kizuizi, ila si wachache walioweka mwaka wao wa kuzaliwa, na mwaka huo umechapwa kwenye kitambulisho.

Kasoro kubwa ni kwamba nambari ya kitambulisho tumeipa kazi mbili zisizopatana. Inataja mtu ni nani, kwa hiyo lazima ionyeshwe kila mahali. Tena inathibitisha kuwa ni yeye kweli, kwa hiyo ilipaswa kufichwa.

Sheria ya makosa ya mitandao ya 2018 inamtoza anayetumia utambulisho wa mwenzake faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mwenye laini ya Safaricom anaweza kupiga *100*100# ili isibadilishwe mpaka afike dukani mwenyewe. *106# nayo huonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na wapo wenye simu moja waliokuta laini wasizozijua. Mtu akienda dukani kuikana laini asiyoijua, kitu cha kwanza anachoombwa, kwa sauti, mbele ya foleni, ni nambari ya kitambulisho.