Atlasi ya Bibi na Atlasi ya Mwalimu

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Sisi nyumbani kwetu hatukuuliza, na kisa chenyewe nitakusimulia, mpenzi msomaji, kwa kuwa kimenifunza mengi juu ya neno moja dogo ambalo sote tunalitamka na wachache wetu tunajua limetoka wapi.

Mnamo Januari 2018, mtoto wa dada yangu, mzaliwa wa Mombasa, aliitwa kujiunga na Kidato cha Kwanza katika shule moja ya wasichana huko Bungoma. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshakaa Kitale miaka kadhaa nikifanya biashara ya mahindi, na kwa vile kutoka Kitale mpaka Bungoma si mbali, ukipitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye, mzigo wa kumwangalia mtoto ukaniangukia mimi mjomba wake. Shule ilituma orodha ya vitu. Nikaisoma kwenye simu, nyumbani wakasikiliza: godoro, blanketi, ndoo, kamusi, atlasi moja.

"Atlasi niachieni mimi," akasema mama yangu, yaani bibi yake mtoto. "Hiyo nitanunua mwenyewe."

Tukafurahi. Mama hana pensheni wala duka; alicho nacho ni karai lake la mahamri. Baada ya siku chache kifurushi kikafika Kitale kwa basi, kimefungwa kwa kamba na kunukia udi. Tukakifungua. Ndani mlikuwa na yadi nne za kitambaa cha atlasi, rangi ya samawati, kinang'aa na kuteleza mkononi kama maji.

Mtoto alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akalia kweli kweli, maana mwalimu wa jiografia alikuwa amekwisha kutangaza kwamba asiyekuwa na atlasi Jumatatu asiingie darasani. Mimi nami nilicheka, na leo naona haya kusema hivyo. Nikampigia mama simu na kumweleza huku kicheko kimenijaa kooni. Akanyamaza kitambo. Kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi atlasi niijuayo ni hiyo. Hiyo nyingine ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kununua kitabu cha ramani kilichokwisha tumika, kwa muuza vitabu wa kando ya barabara mjini Kitale, na mtoto akaingia darasani. Lakini swali la mama likanikaa moyoni. Hakuuliza hiyo nyingine ni kitu gani. Aliuliza ni ya nani. Na kwa kweli hapana namna bora ya kuuliza, kwa sababu atlasi ya mwalimu ni jina la mtu.

Wayunani wa kale, kabla ya kuja kwa Nabii Isa kwa mamia ya miaka, walikuwa na hadithi nyingi za miungu yao. Katika hadithi hizo alikuwamo jitu mmoja, jina lake Atlas, wa kabila la Matitani. Matitani walipigana vita na Zeus, mkubwa wa miungu hao, wakashindwa. Wengi walitiwa kifungoni chini ya ardhi, lakini Atlas alipewa adhabu yake peke yake: asimame upande wa magharibi, mwisho wa dunia, aibebe mbingu mabegani asiitue. Watu wengi hudhani kwamba alibebeshwa dunia, kwa kuwa wachoraji humchora na tufe mgongoni. Hasha, alibebeshwa mbingu. Tufe lile ni tufe la nyota.

Jina likasafiri. Milima mirefu ya Maghribi, inayotoka Moroko ikapita Algeria mpaka Tunisia, ikaitwa Atlas, kwani msimulizi mmoja alisema kwamba jitu lile liligeuzwa jiwe likawa mlima. Bahari iliyo ng'ambo ya milima hiyo ikaitwa Atlantiki, maana yake bahari ya Atlas. Mwaka 2022, Moroko ilipokuwa nchi ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia, kule Qatar, vijana waliojazana mbele ya televisheni walikuwa wakishangilia Simba wa Atlas, na sidhani kuwa hata mmoja alijua kwamba anamtaja mfungwa wa Wayunani.

Na kitabu je? Mchoraji ramani wa Flanders, Gerardus Mercator, alifanya kazi miaka mingi kutengeneza kitabu cha ramani za dunia. Akafariki mwaka 1594, na mwaka uliofuata kitabu kikatolewa kwa jina la Atlas. Mercator mwenyewe alimkusudia mfalme mmoja wa hadithi za huko Maghribi, mwenye jina hilo hilo, aliyesifiwa kwa elimu ya nyota. Tangu hapo kila kitabu cha ramani kikaitwa atlasi. Lakini tusijidhulumu, ndugu zangu, tukadhani kwamba ramani zilianza hapo. Mwaka 1154, karne nne na zaidi kabla ya Mercator, Sharifu al-Idrisi alimkamilishia mfalme Roger wa Sicily kitabu chenye ramani 70, kusini ikiwa juu na kaskazini chini, na katika maelezo yake miji ya pwani yetu imo, Malindi na Mombasa. Ilikuwa ni atlasi kwa kila hali, ila jina.

Basi hiyo ndiyo ya mwalimu. Sasa tuitazame ya bibi.

Atlasi ya bibi haimjui Myunani. Ni neno la Kiarabu, na asili yake ni kitu kilichosuguliwa kikawa laini, kisichokuwa na alama wala mparuzo. Kitambaa hicho husukwa kwa namna ambayo nyuzi hupita juu ya nyingine nyingi kabla ya kuzama, ndiyo maana upande mmoja hung'aa na kuteleza. Waturuki hukiita atlasi, na hata Wajerumani wamelichukua neno hilo. Kwetu lilikuja na majahazi pamoja na hariri na bafta, likakaa katika masanduku ya maharusi kabla hapajatokea mtoto wa Kiswahili aliyetakiwa kwenda shule na kitabu cha ramani.

Lakini lililonistaajabisha zaidi ni hili. Wanajimu wa Kiislamu wa zamani walipoyapanga matabaka ya mbingu, walilitaja tabaka la tisa, la juu kabisa, lisilokuwa na nyota hata moja, wakaliita falaki ya atlasi. Mbingu iliyo laini na tupu kama kitambaa kisicho na nakshi. Tazama basi maneno mawili yasiyokuwa na nasaba moja yalivyokutana: la Wayunani ni jina la abebaye mbingu, na la Waarabu likawa jina la mbingu yenyewe. Siku hizi kwa Kiarabu huandikwa kwa herufi zile zile, na kwa Kiswahili pia. Mama hakukosea, neno ndilo lenye milango miwili, naye aliingia kwa ule uliojengwa mwanzo.

Nilipomsimulia haya mwalimu mmoja wa madrasa hapa Kitale, mzee niliyezoea kukaa naye barazani baada ya Alasiri, alikunja uso. "Kwa hiyo," akasema, "mtoto wetu anabeba mkobani jina la sanamu?" Ni swali la haki, na wazazi wengi wana haki ya kuliuliza, kwa kuwa watoto wetu wanasoma mbali na nyumbani na vitu wanavyopewa hatuvijui. Nilimjibu kwamba jina likishatumika sana hupoteza mwenyewe. Daktari akiutaja mfupa wa kwanza wa shingo huuita atlasi, kwa kuwa ndio uliobeba kichwa, na hamwabudu mtu. Kila tunapoitikia "naam" kwa kichwa, ni juu ya mfupa huo kichwa kinainama. Soko la Bungoma siku ya gulio utawaona kina mama wameweka kata utosini na juu yake kikapu cha ndizi kilichojaa pomoni, mikono wameiachia, wanatembea wima kama hawakubeba kitu. Kama kuna Atlas duniani, nikamwambia, ni wale.

Mzee akacheka kidogo. Kisha akasema, "Lakini mbingu haikubebwa na mtu." Akanikumbusha mafundisho ya Sura ar-Raad na Sura Luqman, kwamba Mwenyezi Mungu ameziinua mbingu bila ya nguzo tuzionazo, na ya Sura an-Nabaa, kwamba milima ameifanya kuwa vigingi.

Hapo nikakumbuka jambo la wenyeji wetu wa huku. Günter Wagner, mtaalamu wa Kijerumani aliyefanya utafiti kwa Wabukusu na Walogoli katika miaka ya 1930, aliandika masimulizi ya Wabukusu juu ya kuumbwa kwa ulimwengu. Wele, ndilo jina wamwitalo Muumba, alianza kwa kuiumba mbingu iwe makao yake. Na ili isianguke, akaizungushia nguzo pande zote, kama vile paa la nyumba ya msonge linavyoshikwa na nguzo zinazolizunguka.

Mzee akakaa kimya, kisha akanitaka niyarudie. Nikayarudia. Tulikuwa tumekaa tukiuelekea mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, na Masaba ni jina la mtu vile vile; utamkuta Masaba dukani na Masaba msikitini. Kilele chake kina mita 4,321. Toubkal, kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Atlas, kina mita 4,167. Yaani mlima wetu wa Kitale na Bungoma unaupita ule wa Wayunani kwa mita 154, na bado hakuna aliyeubebesha adhabu.

Tafakari, msomaji. Watu watatu walitazama juu wakaona uzito usioanguka, wakajiuliza nini kinauzuia. Myunani akaona lazima pana mtu anateseka. Mbukusu akaitazama nyumba yake, akaona kwamba Muumba ni mjenzi mwema asiyesahau nguzo. Na sisi tumefunzwa kwamba nguzo hatuzioni. Hitilafu ni kubwa, sikatai, na kila mtu na imani yake. Lakini swali lilikuwa moja, na huenda ndiyo sababu mzee yule hakukunja uso tena. Aliniambia tu, "Mwambie mtoto ajue jina limetoka wapi. Asiyejua ndiye anayepotea."

Jioni ile nikampigia mama. Nilimwamkia, "Sabalkheri, mama," nikasahau kuwa jua limekuchwa. Nikamwambia jibu lake nimelipata: ile nyingine ni ya jitu mmoja wa Kiyunani aliyebeba mbingu, na yake yeye ni kongwe kwetu kuliko hiyo, na wanajimu waliiita mbingu kwa jina la kitambaa chake. Nikamwomba radhi kwa kicheko changu.

"Sikukasirika kwa kicheko," akasema. "Nilikasirika kuwa mtoto alikaa siku mbili bila ya kitabu kwa sababu yangu, na hakuna aliyeniambia mapema." Kisha akauliza, "Na kitambaa mmekifanya nini?"

Kilikuwa bado kimekunjwa sandukuni. Nilikuwa nimefikiri kumrudishia akibadilishe dukani, alikataa katakata. Nikakipeleka kwa fundi cherehani hapa Kitale, na likizo ya Agosti mwaka ule ule mtoto alishuka Mombasa na gauni la samawati tayari kwa Idi ya Mfungo Tatu. Mkobani alikuwa na kitabu chake cha ramani. Nimeambiwa kwamba usiku wa kuamkia Idi walikaa wawili, bibi na mjukuu, wakakifungua kwenye ukurasa wa Afrika. Bibi akataka aonyeshwe Bungoma iko wapi na Mombasa iko wapi. Mtoto akaweka kidole hapa na kidole pale.

Bibi akapima kwa shubiri yake, akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe ni mbali hivi. Na mtoto mwenyewe ni mdogo hivi."

Wallahu aalam.