Mawese kwa huyu, mayai kwa yule: ulimi hujifunzia wapi?

Saa moja asubuhi, baridi ya nyanda za juu za Buha, mkoani Kigoma, ikiwa haijakatika, vibanda vya mama ntilie kuanzia Kitahana na Kibondo mjini hadi Kasulu huwa vimeshachangamka. Wa chapati na maharage anajulikana, wa supu ya ng'ombe anajulikana, na bodaboda wa chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha hana haja hata ya kuagiza. Akiingia mtumishi aliyehamishwa juzi kutoka pwani, yeye huuliza kwanza maharage yameungwa kwa mafuta gani. Akiambiwa ni mawese, anaomba mayai.

"Samahani mama, mawese sijazoea."

"Karibu baba. Utazoea tu."

Jibu hilo la mama ntilie linaungwa mkono na utafiti wa zaidi ya miaka 40. Wengi wetu husema "sipendi" kana kwamba tumezaliwa na neno hilo, lakini tunachozaliwa nacho ni kidogo sana. Mtoto mchanga hufurahia kitamu na hukunja uso kwa kichungu. Mengine karibu yote hufundishwa, na pua hufundishwa zaidi kuliko ulimi. Ulimi hutambua utamu, chumvi, ukali wa ndimu, uchungu na ule mnofu wa ladha wa mchuzi wa nyama. Kinachotofautisha mawese na alizeti ni harufu inayopanda kutoka kooni hadi puani wakati wa kutafuna. Anayebisha ajibane pua, kisha aonje yote mawili.

Masomo huanza kabla ya mtoto kuzaliwa. Mwaka 2001, Julie Mennella na wenzake wa kituo cha Monell, Philadelphia, walichapisha jaribio lililowahusu wanawake waliokunywa juisi ya karoti katika miezi ya mwisho ya ujauzito au wakati wa kunyonyesha. Watoto wao walipoanza kula nafaka, ile iliyochanganywa na karoti haikuwakunjisha uso kama ilivyowakunjisha watoto wa akina mama waliokunywa maji tu. Ladha za chakula cha mama hupita kwenye maji yanayomzunguka mtoto tumboni, na baadaye kwenye maziwa.

Mwaka huohuo ulichapishwa utafiti mwingine, huu wa vijijini Tanzania, ambamo wajawazito walipewa mawese au mafuta ya alizeti. Watafiti hawakuwa wakichunguza ladha. Walitaka kujua hali ya vitamini A, na waliona kwamba karotini, rangi ile inayoyafanya mawese yawe mekundu, iliongezeka katika maziwa ya waliokula mawese. Kama rangi hufika titini, si ajabu harufu nayo ikafika. Mtoto wa Kasulu huenda anayajua mawese kabla hajalijua jina lake. (Wanaoyaunguza kwenye kikaango hadi yawe meupe ili "harufu itoke" wanapaswa kujua kwamba karotini nayo imetoka.)

Urithi una sehemu yake. Mwaka 1931, mkemia Arthur Fox wa kampuni ya DuPont alikuwa akimimina unga wa kemikali iitwayo PTC, vumbi likaruka. Mwenzake akalalamikia uchungu, na Fox hakuhisi kitu. Mwaka 2003 jeni inayohusika, TAS2R38, ilitambuliwa. Kwa hiyo nyanya chungu au mnavu unaoliwa na ndugu wawili katika sahani moja unaweza kuwa mchungu kweli kwa mmoja na wa kawaida kwa mwingine. Hakuna anayedeka hapo.

Tena uchungu una kazi. Mihogo michungu hubeba kemikali inayozalisha sayanidi, ndiyo maana hulowekwa, huvundikwa na kuanikwa kabla ya kusagwa. Mwaka 1985 huko Tarime, mkoani Mara, ukame na njaa vilifanya watu wafupishe kazi hiyo, na wengi wakapata konzo, ugonjwa unaopooza miguu moja kwa moja. Mtoto anayeutema muhogo mchungu ana sababu nzuri.

Lakini chuki iliyo kali kuliko zote hutokana na kutapika. Mwaka 1955, John Garcia na wenzake nchini Marekani waliwapa panya maji yaliyotiwa sakarini huku wakiwapiga mionzi inayochafua tumbo. Baadaye panya wale waliyakwepa maji matamu, ingawa hayakuwa na kosa lolote. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba mara moja inatosha, hata kichefuchefu kikichelewa kwa saa kadhaa. Ubongo huihukumu ladha ya mwisho, hasa ikiwa ngeni.

Sasa liweke jambo hilo Kigoma. Utafiti wa viashiria vya malaria wa 2017 uliukuta mkoa huu ukiongoza nchini: takriban mtoto mmoja kati ya wanne walio chini ya miaka mitano alikuwa na vimelea. Homa ya malaria huja na kutapika. Mtoto akila yai asubuhi, kisha mchana akalitapika pamoja na dawa, mbu hatalaumiwa, litalaumiwa yai. Mwezi mmoja baadaye mama anashangaa kwa nini mwanawe analia akiliona, na bibi anasema mtoto amedekezwa. Kumlazimisha hapo ni kuongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Ni heri yai lipumzike, lirudi baada ya muda likiwa limepikwa vingine. Na mgonjwa anayetapika asipewe chakula kipya kabisa, hata kiwe bora kiasi gani.

Mbona basi asubuhi watu hawachoki kurudia kilekile, wakati jioni wakipewa maharage siku tatu mfululizo wananuna? Mwaka 2022 Romain Cadario na Carey Morewedge waliwachunguza Wamarekani na Wafaransa, wakaona kwamba asubuhi mtu hula ili kazi zake ziende, na jioni hutafuta raha zaidi. Kwa anayewahi shamba, hilo halihitaji maelezo. Chai nayo ina mvuto wake: kafeini humfanya mnywaji wa kila siku apende ladha iliyokuja pamoja nayo.

Mazoea huonekana wazi zaidi pale yanapokatizwa. Katika kambi ya Nyarugusu, Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, wengi wa wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo wamekulia unga wa muhogo na sombe (kisamvu), ilhali mgawo wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ni unga wa mahindi, jamii ya kunde, mafuta na chumvi. Mtu anayebadilisha sehemu ya mgawo wake ili apate unga wa muhogo huitwa mchaguzi. Mimi naona anafanya kile ambacho kila mmoja wetu angefanya.

Kwa mzazi anayetaka mtoto azoee uji wa ulezi au mboga, kazi za Leann Birch wa Marekani zina msaada. Mwaka 1982 alionyesha kwamba watoto wa miaka miwili hukipenda chakula kigeni kadiri wanavyokionja mara nyingi, na huenda zikahitajika mara kumi au zaidi. Wazazi wengi hukata tamaa mapema mno. Mwaka 1984 yeye na wenzake waliwapa watoto zawadi ili wanywe kinywaji fulani. Waliopewa zawadi walikipenda kidogo kuliko mwanzo. Kwa hiyo "maliza mboga nikupe soda" hufundisha kupenda soda, si mboga.

Kupenda, hata hivyo, si kipimo cha afya. Maharage na chai ya rangi vimeoana katika vibanda vyetu, lakini chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Kipimo kimoja cha 1999 kilichotumia mlo wa mkate kiliona chai nyeusi ikipunguza ufyonzaji kwa asilimia 79 hadi 94, na kuongeza maziwa hakukusaidia sana. Katika nchi ambayo asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikutwa na upungufu wa damu katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16, hilo si dogo. Hakuna haja ya kuiacha chai. Utafiti wa Uingereza wa 2017 ulionyesha kwamba kuichelewesha kwa saa moja baada ya kula hupunguza hasara hiyo. Vitamini C nayo husaidia: kipande cha papai, chungwa, au ile ndimu iliyowekwa mezani kwa ajili ya wanywa supu. Wa maharage naye aikamue tu.