Kutubu Hadharani: Mbona Mwanamume Haonekani?

Katika makanisa mengi ya Kiprotestanti nchini mwetu, hasa ya Kilutheri, binti aliyepata mimba nje ya ndoa ametengwa mara nyingi na Meza ya Bwana. Muda ukipita, siku ya Jumapili husimama mbele ya usharika, akakiri kosa lake, akapokewa tena. Jambo hilo huitwa kurudi kundini.

Mmarekani Nathaniel Hawthorne aliandika riwaya juu ya jambo linalofanana na hilo mwaka 1850, nayo ni The Scarlet Letter. Mmoja wa mababu zake, John Hathorne, alikuwa kati ya mahakimu wa kesi za uchawi za Salem mwaka 1692; kwa hiyo habari za hukumu za Wapuritani hazikuwa ngeni nyumbani kwao. Katika riwaya hiyo Hester Prynne, mke ambaye mumewe hajulikani aliko, anazaa mtoto wa kike mjini Boston. Anasimamishwa jukwaani saa tatu, mtoto mikononi, na kifuani amevaa herufi A nyekundu, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la uzinzi. Atakwenda nayo sokoni na kanisani miaka yote.

Na anayeagizwa kumsihi amtaje mwanamume ni nani? Ni mchungaji Arthur Dimmesdale, baba wa mtoto huyo! Hester anakataa kumtaja. Kwa miaka saba mchungaji anahubiri na kusifiwa, huku usiku akijipiga mijeledi kwa siri. Hatimaye anapanda jukwaa lile lile, anakiri mbele ya watu wote, kisha anakufa.

Hapa ndipo riwaya hii inapotugusa sisi wa Rahaleo, mjini Mtwara, kuliko watu wa Boston wa leo. Mimba huonekana, aliyeitia haonekani. Binti hupiga magoti peke yake, na mwanamume pengine ameketi kiti cha tatu kutoka mbele, akiimba sauti ya besi. Kanuni humgusa naye pia, lakini mpaka atajwe, na mara nyingi hatajwi, kwa hofu au kwa mapenzi.

Jirani zetu Waislamu wana njia nyingine. Toba kwao ni kati ya mja na Mola wake: aliache kosa, ajute, aazimie kutolirudia, na kama amedhulumu haki ya mtu, airudishe. Kutangaza dhambi ambayo Mungu ameisitiri si jambo la kusifiwa. Kwa maoni yangu sharti la kurudisha haki ndilo zito kuliko yote, maana mtoto anahitaji maziwa, nguo na jina la baba.

Shule nazo zilikuwa na herufi yao nyekundu. Kwa miaka mingi msichana mwenye mimba alifukuzwa masomoni. Mwaka 2016 sheria iliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, lakini msichana aliendelea kubaki nje. Tarehe 24 Novemba 2021 ndipo Serikali ilipotangaza kwamba aliyejifungua anaweza kurudi darasani katika mfumo rasmi. Hakutakiwa kupiga magoti mbele ya mtu. Wazazi wengine hawajalizoea jambo hilo, wakisema litawafundisha wengine tabia mbaya. Ni hofu ya kweli, ila aliyekaa nyumbani na mtoto mgongoni hajamfundisha mtu yeyote hesabu.

Hester hakusamehewa kwa maneno. Aliishi kwa sindano yake, akawashonea maskini, akawauguza wagonjwa, hata baadhi ya watu wakaanza kusema kwamba ile A ni ya neno la uwezo. Viongozi wa mji walichelewa kuliko wananchi wa kawaida. Baadaye aliondoka Boston, kisha akarudi kwa hiari yake na kuivaa tena herufi ile, ingawa hakuna hakimu aliyemlazimisha. Wanawake wenye huzuni za mapenzi wakawa wanamwendea nyumbani kwake kumwomba shauri.