Wananchi waitwe pia pesa zinapotumika

Kila msimu wa bajeti, serikali za kaunti nchini Kenya huwaita wananchi watoe maoni. Tangazo hutoka gazetini, ukumbi wa kanisa au uwanja wa shule hutafutwa, watu hutia sahihi daftari la mahudhurio, kisha huombwa wataje wanachotaka: barabara, zahanati, kisima, darasa la chekechea. Maombi huandikwa, soda hugawiwa, watu hurudi makwao. Ushirikishaji huu umewekwa na Kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010, na hakuna gavana anayethubutu kuuruka waziwazi. Ninachokitilia shaka ni wakati wake. Mwananchi huitwa pesa zikiwa bado tarakimu kwenye karatasi. Zikianza kutoka, hasikii tena habari zake.

Aprili 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini funzo ambalo kaunti nyingi zinaonekana kulipata ni kutunza ushahidi kwamba kikao kilifanyika: daftari, picha, nakala ya tangazo. Kama ombi la kisima lilifika kwenye bajeti, na kama kisima kilichimbwa, daftari hilo haliwezi kutuambia.

Tazama jinsi pesa zenyewe zinavyokwenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Katika mwaka wa fedha wa 2023/2024, takriban robo tu ya matumizi ya kaunti zote 47 ndiyo iliyokwenda huko. Sehemu kubwa ililipa mishahara, marupurupu na uendeshaji wa ofisi. Madeni ya wakandarasi na wauzaji bidhaa nayo yamepita shilingi bilioni 150, na Nairobi peke yake inabeba sehemu kubwa. Maana yake ni kwamba maombi yanayoandikwa ukumbini leo yanapangwa foleni nyuma ya kazi za miaka iliyopita ambazo hazijalipiwa, na anayeyatoa hajui.

Mtu atasema tuna Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Tunaye, na ripoti zake ni za thamani. Ila Katiba inampa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha tarehe 30 Juni, kisha bunge la kaunti linapewa miezi mitatu zaidi kuijadili ripoti. Kufikia hapo pesa zimeshatumika zamani. Wilbaro 10 za Bungoma, zilizonunuliwa kwa Sh109,320 kila moja na kuzua hasira nchi nzima mwaka 2015, hazikuhitaji mhasibu kuzigundua. Fundi yeyote wa mjengo angeona bei hiyo imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya wadi, angepiga kelele kabla hundi haijaandikwa.

Wapo pia wanaosema kazi hiyo ni ya wawakilishi wadi, ndiyo maana tuliwachagua. Kisheria ni kweli. Lakini Mdhibiti wa Bajeti amelalamika mara kwa mara kuhusu mabilioni yanayoishia kwenye safari, zikiwemo za mabunge hayohayo ya kaunti, na mwakilishi anayemtegemea gavana ili wadi yake ipate barabara hana wepesi wa kumbana. Magavana kwa upande wao hulaumu Hazina ya Kitaifa kwa kuchelewesha mgao. Lawama hiyo ina msingi, na Hazina inastahili kuulizwa. Hata hivyo, kuchelewa kwa mgao hakumzuii mtu kuweka hadharani jina la mkandarasi, bei ya zabuni na kiasi kilicholipwa.

Kuna pingamizi jingine linalorudiwa sana ofisini, kwamba mwananchi wa kawaida haelewi hesabu za serikali. Ni dharau. Watu haohao husomewa hesabu za chama na Sacco, na shilingi ikipotea mweka hazina hakai kwa amani. Makueni chini ya Gavana Kivutha Kibwana, kati ya 2013 na 2022, ilianza vikao kijijini na kuvipandisha hadi wadi na kaunti. Zaidi ya hapo, na kwangu hili ndilo la maana kuliko yote, iliwapa wakazi kamati za kusimamia miradi, ambazo hukagua kazi kabla ya mkandarasi kulipwa. Makueni si pepo, lakini imeonyesha kwamba mkulima anaweza kuisoma orodha ya vifaa vya ujenzi na kuuliza saruji iko wapi.

Hatuhitaji kusubiri sheria mpya. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ijibu ombi ndani ya siku 21. Kabla ya kwenda tena kutoa maoni, mwandikie katibu wa kaunti yako barua ukidai orodha ya miradi ya wadi yako ya mwaka uliopita, bei ya kila mmoja na kiasi kilicholipwa. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa.