Mchezo wa Majirani: Namna ya Kuutayarisha

Hakuna mchezo wa mpira unaosumbua mioyo ya vijana kama ule wa masomo mawili ya mji mmoja. Ekipe ya mbali ikitushinda, inapanda motokari na kwenda zake. Jirani akitushinda, tutakutana naye kesho sokoni, njiani, hata nyumbani kwa mjomba. Sisi watu wa Goma twajua jambo hilo: mara ngapi DC Virunga na AS Kabasha zimeugawanya mji huu, hata watu wanaokula katika sahani moja! Wanafunzi wa kolegi zetu wanafuata mfano wa wakubwa wao.

Tena mpira wa wanafunzi si jambo dogo katika inchi yetu. Mwaka wa 1939 Mapadri Wabenedikto wa Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, waliwaundia wanafunzi wao ekipe yenye jina la Saint-Georges. Ekipe ile ndiyo TP Mazembe, iliyotwaa kombe la Afrika mara tano.

Basi, ndugu wasomaji, ninyi mnaopewa kazi ya kuongoza vijana wakati wa mapumziko, tunataka kuwaeleza namna ya kutayarisha mchezo wa majirani. Tutasema juu ya mambo manne: uwanja, mpango, juma la mwisho, na moyo.

I. Uwanja

Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, kadiri ya metri 1,500 juu ya bahari. Mwezi wa kwanza wa 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji, na tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ulishuka tena hata karibu na nyumba za mwisho. Kwa ajili hiyo viwanja vyetu vingi si vya majani. Ni vya udongo mweusi na changarawe kali. Juu ya uwanja kama huo mpira unaruka sana na kukimbia mbio. Anayengojea mpira uanguke kwanza amekwisha kuupoteza. Wafundisheni vijana kuuendea mpira, na mlinda lango kuweka mwili wote nyuma ya mikono yake, maana kijiwe kimoja chatosha kuugeuza. Beki naye asijitupe chini: atajichuna ngozi, na mpinzani atapita. Abaki amesimama, amzuie mpinzani na kumsukuma kuelekea pembeni.

Liko pia jua. Kwetu jua linatua karibu na saa kumi na mbili katika miezi yote. Mchezo ukianza saa tisa na nusu, kipindi cha pili kitachezwa wakati jua limeshuka. Kama kiwanja chenu kimelala toka mashariki kwenda magharibi, kapiteni akishinda kura achague kulinda goli la mashariki kwanza. Hivi katika kipindi cha pili mlinda lango wenu atakuwa magharibi, jua likiwa mgongoni mwake, na mlinda lango wa jirani ataliona machoni. Mambo kama hayo hayahitaji feza, yanahitaji akili tu.

II. Mpango

Mipango ya mpira haikushuka toka mbinguni. Kila mmoja ni jibu la shida fulani. Mpaka 1925 sheria ilidai kwamba mshambulizi anayepewa mpira awe na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Mwaka ule wakapunguzwa kuwa wawili. Magoli yakawa mengi mno, na Herbert Chapman, mwalimu wa Arsenal kule Uingereza, akamrudisha mtu wake wa katikati nyuma awe beki wa tatu. Wabrazili walipotwaa kombe la dunia mwaka wa 1958, waliweka mabeki wanne, wawili katikati, na wanne mbele. Maana yake ni nini? Usiulize kwanza, «Ekipe kubwa zinacheza namna gani?» Uliza, «Shida yetu ni ipi, na watu wetu ni nani?»

Jirani anakujua, nawe unamjua. Mtume kijana mmoja mwenye macho mazuri aende kutazama mchezo wao, arudi na majibu matatu: Nani anaanzisha mashambulizi yao? Wanapenda kupita upande gani? Nani anachoka kwanza? Yule anayeanzisha, mwekeeni mtu wa kumziba kila anapoelekea kupewa mpira. Lakini mtu huyo asimfuate kila mahali kama kivuli, maana ataacha shimo nyuma yake. Upande wanaoupenda, upeni msaidizi. Na yule anayechoka, pitieni kwake katika nusu saa ya mwisho.

Tena ekipe ikae pamoja. Beki wa mwisho na mshambulizi wa kwanza wasitengane zaidi ya hatua arobaini. Ekipe iliyotawanyika ni kama fagio lililofunguliwa: vijiti ni vile vile, lakini hakifagii kimoja.

III. Juma la mwisho

Waalimu wengi wanawaua vijana wao kwa mazoezi katika siku za mwisho, kwa sababu ya hofu. Kama mchezo ni siku ya Mungu, zoezi nzito la mwisho liwe siku ya tatu. Siku ya nne wajifunze korneri na mipira ya kusimama: nani apige, nani aende mbele, nani abaki nyuma. Kati ya ekipe zenye nguvu sawa, goli mara nyingi linatoka hapo. Siku ya tano mazoezi mepesi. Siku ya posho wapumzike, wanywe maji, walale mapema. Na majina ya watakaocheza yatajwe mapema, ili asiyeitwa apate wakati wa kumeza uchungu wake na kuwasaidia wenzake.

IV. Moyo

Hapa ndipo penye uzito. Mwezi wa tatu wa 1974 Léopards wetu, walioitwa wakati ule Léopards wa Zaïre, walikuwa mabingwa wa Afrika. Tarehe 18 mwezi wa sita, katika Ujerumani ya Magharibi, Yugoslavia iliwafunga magoli 9 kwa 0. Je, walisahau mpira katika miezi mitatu? Sivyo. Wachezaji wenyewe walieleza baadaye kwamba walikuwa wameambiwa hawatapata feza zao, na mioyo ilikuwa imevunjika. Mpango bila moyo ni karatasi tu.

Lakini moyo uliowaka kupita kiasi ni hatari zaidi. Tarehe 14 mwezi wa tisa 2008, kule Butembo, katika jimbo letu hili la Kivu ya Kaskazini, ekipe mbili za mji mmoja zilikuwa zikicheza. Mlinda lango mmoja akashitakiwa kwamba anatumia dawa ya uchawi. Wachezaji wakapigana, mawe yakarushwa, polisi wakatupa moshi wa kutoza machozi, watu wakakimbilia mlangoni pamoja. Watu 13 walikufa, wengi wao vijana.

Tazameni namna jambo hilo linavyokwenda. Anayetegemea dawa hawezi kusema, «Leo wametuzidi.» Atasema, «Wametuloga.» Papo hapo jirani si mpinzani tena, amekuwa adui. Na katika inchi iliyojeruhiwa kama yetu, neno adui halikawii kupata jina la kabila.

Kwa hiyo mpango wa mchezo uwe na sehemu hii pia. Kapiteni peke yake aseme na mwamuzi. Makapiteni wawili waonane kabla ya siku ile, wakubaliane mbele ya wenzao kwamba hakuna dawa wala tusi la kabila. Milango ya kiwanja ibaki wazi mpaka mtu wa mwisho atoke. Anayepiga mwenzake atolewe na mwalimu wake mwenyewe, hata kama ni mfungaji wetu mkubwa, hata kama tutashindwa.

Wengine watasema kwamba ekipe ya namna hiyo ni laini. Sivyo. Ekipe inayobaki na watu 11 mpaka mwisho, yenye akili baridi wakati jirani amewaka, ndiyo inayopata nafasi katika dakika za mwisho. Na ikishindwa, vijana wake watapita kesho mbele ya jirani bila aibu na bila chuki, nao watampa siku ya kurudiana.