Mashine ya zamani ya boti: Ifufuliwe au iuzwe chuma chakavu?

UKITOKA mjini Unguja kwa barabara ya Bububu, ukaipita Maruhubi na kushuka ufukweni Mtoni, utaziona mashine za boti za aina mbili. Kuna zile zilizofungwa nyuma ya vyombo, zikisubiri maji yajae. Na kuna zile zilizolala uani, zimeegemezwa mnazi au zimefunikwa gunia, ambazo wenyewe wamekwishazikatia tamaa.

Za aina hii ya pili huitwa mbovu, na mnunuzi wa vyuma chakavu akipita huzipima kwa kilo. Hata hivyo, si zote zilizokufa. Nyingine zimenoki kwa sababu ya kifaa kidogo cha mpira kilichochakaa. Nyingine zilizama, zikaokolewa, kisha zikaachwa bila kuoshwa. Nyingine zimeziba kabureta tu kwa petroli iliyolala humo mwaka mzima.

Wageni wanaijua Mtoni kwa magofu ya kasri la Sayyid Said, mahali alipozaliwa Bibi Salme mwaka 1844. Kwa mvuvi na mchukuzi wa hapa, jambo la kila siku ni jingine: chombo kitatoka leo au hakitoki? Ndiyo maana suala la kuifufua mashine ya zamani linastahili kupigiwa hesabu kama biashara nyingine yoyote, wala lisiachiwe fundi peke yake.

Fungu la mashine

Katika uvuvi mdogo wa pwani, mapato ya safari hugawanywa kwa mafungu. Kwanza hutolewa gharama za petroli, oili, barafu na chakula. Kinachobaki hugawiwa chombo, mashine, nyavu na wavuvi, kwa viwango ambavyo kila kikundi hukubaliana.

Maana yake ni kwamba mvuvi asiye na kifaa chochote hupata fungu moja, la jasho lake. Mwenye mashine hupata mawili, hata kama bahari ni ile ile na samaki ni wale wale. Kwa kijana anayevua kwenye chombo cha mwingine, mashine kuukuu iliyo uani kwa mjomba inaweza kuwa njia fupi ya kutoka kwenye fungu moja kwenda kwenye mafungu mawili.

Hatari nayo ipo. Akiweka akiba yake yote kwenye mashine isiyofufuka, atakuwa amepoteza fedha na atabaki na fungu lake lile lile moja. Kwa hiyo swali la kwanza si "fundi nani?" bali ni "mashine gani?"

Umri si kitu, spea ndiyo kitu

Mashine za kupachika nyuma ya boti zilianza kupata soko kubwa mwaka 1909, pale Ole Evinrude, Mmarekani mzaliwa wa Norway, alipoanza kuuza zake huko Milwaukee. Waingereza nao walikuja na British Seagull, mashine nyepesi isiyo na mambo mengi, iliyotengenezwa hadi miaka ya 1990. Yamaha ya Japani ilitoa ya kwanza mwaka 1960, na leo jina hilo ndilo linalosikika zaidi katika fukwe za Afrika Mashariki.

Historia hii ina faida kwa mwenye mfuko mdogo. Kiwanda kikifungwa, spea nazo huanza kuadimika. Utengenezaji wa mashine mpya za Evinrude ulisimamishwa mwaka 2020. Mtu anayetaka kuifufua Evinrude au Seagull ya zamani ajue kwamba huenda akaagiza spea kutoka Ulaya au Marekani, na kila wiki ya kusubiri ni wiki bila fungu.

Yamaha Enduro ya nguvu farasi 40, kwa mfano, hata ikiwa ya miaka mingi, bado mafundi wengi wanaifahamu, na pistoni, ringi na gasketi zake ni rahisi kupatikana. Kwa mfanyabiashara, mashine ya miaka 25 yenye spea dukani ni bora kuliko ya miaka 10 ambayo spea zake hazijulikani zinauzwa wapi.

Pima kabla ya kutoa fedha

Kabla ya kununua mashine kuukuu au kuipeleka kwa fundi, yapo mambo matano ya kuangalia. Hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, ondoa plagi, kisha izungushe mashine kwa mkono. Ikizunguka, hiyo ni dalili njema. Ikikataa, usiigonge kwa nyundo. Mimina dizeli iliyochanganywa na oili kidogo kwenye matundu ya plagi, iache siku kadhaa, halafu ijaribu taratibu. Mara nyingi ni ringi tu zilizoshikwa na kutu.

Pili, pima mgandamizo wa kila silinda kwa geji. Silinda zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, jua kuna ringi, pistoni au gasketi iliyokwisha.

Tatu, angalia moto wa plagi. Igusishe plagi kwenye chuma cha mashine, mbali na petroli, kisha vuta kamba. Cheche ya buluu yenye nguvu ni nzuri. Ikiwa hafifu au haipo kabisa, huenda koili au sehemu nyingine ya umeme imekufa, na hizo si rahisi kwa bei.

Nne, fungua skrubu ya chini ya gia. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji ya chumvi yamepita kwenye sili. Ikitoka na vipande vya chuma, gia zimeanza kulika, na gharama itapanda sana.

Tano, tazama mwili wa mashine. Chumvi hula aluminiamu kimya kimya. Mashine iliyotoboka kwenye njia za maji au iliyopasuka ubavuni haifai kufufuliwa. Inunuliwe tu kwa ajili ya kutoa spea.

Kazi ya fundi

Mashine iliyofaulu vipimo hivyo hufumuliwa. Kazi ngumu ya mwanzo huwa ni bolti. Bolti ya chuma ikikaa miaka ndani ya aluminiamu kwenye maji ya chumvi, vyuma hivyo viwili hushikana. Fundi mwenye haraka huikata kichwa. Fundi mvumilivu huipaka mafuta ya kulainisha kutu, huipasha moto kidogo, kisha huifungua robo mzunguko na kuirudisha, mpaka ikubali.

Kabureta hufunguliwa na kuoshwa, kwa kuwa petroli ya zamani huganda kama gundi na kuziba vijitundu vyake. Silinda iliyokwaruzika kidogo husuguliwa. Iliyokwaruzika sana huchongwa na kutiwa pistoni kubwa zaidi, kwa kawaida kwa milimita 0.25 au 0.50. Ikishafika mwisho wa kuchongwa, hakuna tena njia ya mkato.

Kifaa cha kubadilishwa bila mjadala ni impela, yaani kile kipande cha mpira chenye mapezi ndani ya pampu ya maji. Hiki ndicho kinachonyonya maji ya bahari na kuyapandisha juu ili kupoza mashine. Mapezi yake yakikatika au kukauka, maji hayapandi, joto linazidi na pistoni inashika. Mashine nyingi hunoki kwa sababu ya kifaa hiki, ambacho bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na pistoni zinazoharibika kwa kosa lake.

Usikubali mashine ijaribiwe ikiwa kavu. Itumbukizwe kwenye pipa la maji, na maji yapite juu ya tundu la kuvutia. Ikiwaka, tazama ule mchirizi wa maji unaotoka nyuma. Usipouona, izime papo hapo.

Oili: usikisie

Mashine za zamani nyingi hazina tangi la oili. Oili huchanganywa ndani ya petroli, na hiyo ndiyo inayolainisha ndani. Hapa makosa ni mengi, kwa kuwa kipimo kinategemea aina na umri wa mashine.

Kwa mashine zinazotaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili, dumu la lita 20 linahitaji mililita 400. Kwa zile za zamani zaidi zinazotaka 25 kwa moja, dumu hilo hilo linahitaji mililita 800. Mashine iliyotiwa ringi au pistoni mpya nayo huongezewa oili katika saa zake 10 za mwanzo, na haiendeshwi kwa kasi ya mwisho. Oili iwe ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3. Ile ya pikipiki imekusudiwa injini inayopozwa kwa upepo.

Kuhusu spea za bei ya chini mno, wahenga walikwishasema: rahisi huvunja upishi. Ringi bandia huweza kukwaruza silinda iliyogharimu fedha nyingi kuchongwa.

Hesabu ya mvuvi wa Mtoni

Chukua mfano wa mvuvi wa Mtoni anayetaka kufufua mashine. Takwimu hizi ni za mfano tu. Kila mtu aweke zake.

Ikadiriwe kwamba baada ya gharama kubaki Sh120,000 kwa safari, zikigawanywa mafungu sita: chombo, mashine, nyavu na wavuvi watatu. Kila fungu ni Sh20,000. Kufufua mashine, spea pamoja na ujira wa fundi, kumegharimu Sh1,200,000.

Katika fungu la mashine, mwenye busara atatenga Sh5,000 kila safari kwa ajili ya matengenezo. Zitabaki Sh15,000. Hivyo mtaji utarudi baada ya safari 80. Akitoka safari 16 kwa mwezi, ni miezi mitano. Kama angekopa Sh9,000,000 kununua mashine mpya, zingehitajika safari 600, yaani zaidi ya miaka mitatu, kabla hata ya kuhesabu riba.

Lakini mashine kuukuu hunywa. Ikitumia lita tatu zaidi kwa safari, na lita ikiwa Sh3,000, ni Sh9,000. Kwa kuwa petroli hutolewa kabla ya mgao, hasara hiyo hubebwa na mafungu yote, kila moja Sh1,500. Mwenye mashine sasa atahitaji safari 89 badala ya 80, na hilo linavumilika. Kinachoweza kuvunja kikundi ni wenzake, ambao kila mmoja anapoteza Sh1,500 kwa safari kwa mashine isiyokuwa yao. Ni vizuri jambo hili lizungumzwe mapema, na fungu la mashine lipunguzwe kidogo ikibidi. Kila Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati Zanzibar, ZURA, inapotangaza bei mpya za mafuta, hesabu hii irudiwe.

Kanuni ya kushika ni hii: gharama ya kufufua ikizidi nusu ya bei ya mashine iliyotumika lakini nzima, ni heri kutafuta hiyo nzima.

Karatasi na usalama

Mashine za boti huibwa. Anayenunua kuukuu aandikiwe hati ya mauziano yenye namba ya mashine, mbele ya sheha na mashahidi. Chombo kitakachobeba abiria, kama vile cha kupeleka wageni Changuu, kina masharti yake ya ukaguzi chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar.

Aidha, mashine iliyofufuliwa isipelekwe mkondo mkubwa siku ya kwanza. Ijaribiwe karibu na ufukwe kwa siku kadhaa. Kusi ikivuma, mashine iliyozima hukiacha chombo mikononi mwa upepo na mkondo. Plagi za akiba, spana, kamba ya kuvutia, nanga, makasia au tanga, simu iliyojaa chaji na maboya ya kuvaa ni sehemu ya mtaji.

Vijana wanaotaka kuigeuza kazi hii kuwa biashara wanaweza kuanzia kwenye vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, kama vile Mwanakwerekwe na Mkokotoni, ama kuulizia mafunzo ya uvuvi Mbegani, Bagamoyo.

Mwisho, mashine iliyofufuka haitadumu kama mazoea yaliyoiua yataendelea. Ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi ndani na nje kila irudipo. Impela ikaguliwe kila mwaka. Ikizama, isiachwe juani: ioshwe mara moja, plagi ziondolewe, maji yamwagwe, oili itiwe, na iwashwe siku hiyo hiyo. Kama fundi yuko mbali, ni afadhali ilale ndani ya pipa la maji baridi kuliko kukauka na chumvi yake.

Ndoo moja ya maji kila jioni haigharimu kitu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.